Bakteria Wako wa Kuchachulia ni Salama? Hatua za Kuwapima Kabla ya Kuwatia Kwenye Chakula au Malisho

"Nimetoa bakteria kwenye togwa, wanachachusha haraka na ladha ni nzuri. Naweza kuanza kuuza?" Swali hili huulizwa na wanafunzi wa maabara, na wasindikaji wadogo wa maziwa, na watengenezaji wa malisho ya kuku na saileji (majani yaliyochachushwa kwa ajili ya mifugo). Jibu ni: bado. Kuchachusha vizuri ni jambo moja na usalama ni jambo jingine, na havipimwi kwa kipimo kimoja.

Hoja ya "wazee wetu wamekunywa miaka yote" ina uzito, ila isikubebe mbali. Wazee walikunywa mchanganyiko wa bakteria na hamira wengi waliokuwa wakizuiana ndani ya chungu au kibuyu. Wewe unataka kumchukua mmoja kati yao, kumzalisha kwa mabilioni, kumkausha na kumweka kwenye pakiti. Hakuna mzee aliyewahi kunywa kitu hicho.

Mwongozo huu unafuata njia ya EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliyoko Parma, Italia. Tumeichagua kwa sababu nyaraka zake zinasomwa bure na zinataja viwango kwa tarakimu. Mfano wetu ni *Lactiplantibacillus plantarum* aliyetolewa kwenye togwa, anayekusudiwa kwa togwa ya kiwandani na kwa saileji. Neno moja utakutana nalo kila mahali: straini. Ni uzao mmoja wa bakteria, ndugu wote waliotokana na seli moja. Usalama hupimwa kwa straini. Jina la spishi peke yake halitoshi.

## Kabla ya kuanza

Jibu maswali haya matatu kwa maandishi, kwa sababu majibu yake ndiyo yanayoamua vipimo:

- Bakteria atakuwa hai kwenye bidhaa, au anatumika tu kutengeneza kimeng'enya au vitamini kisha anaondolewa?
- Nani atamla? Mtu mzima, mtoto anayeanzishwa uji, ndama, kuku wa nyama?
- Kwa kiasi gani? Kwenye saileji, kipimo cha kawaida ni bakteria hai 100,000 kwa kila gramu ya majani mabichi. Andika tarakimu, usiandike "kiasi cha kutosha".

Kisha kusanya vifaa:

- agari (jeli ya kuoteshea bakteria) na kioevu cha MRS, yaani chakula cha kuotesha bakteria wa asidi ya laktiki, inkubeta ya nyuzi 30 hadi 37, na mtungi wa kuotesha bila oksijeni;
- rangi ya Gram, hadubini, na peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3;
- gliseroli, vichupa vya kugandishia, na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri;
- sahani za visima 96, pipeti zilizohakikiwa, na poda za antibiotiki tisa zenye cheti kinachoonyesha nguvu ya dawa (poda ya kapsuli za duka la dawa haifai);
- agari ya damu ya kondoo ya asilimia 5;
- straini ya kulinganishia. Kwa mfano wetu ni ATCC 14917, ambayo ndiyo straini mama ya *L. plantarum*, yaani kielelezo rasmi cha spishi;
- maabara ya kukusomea jenomu nzima (DNA yote ya bakteria), na mtu anayejua kuichambua.

Kama huna friza ya nyuzi 80, tafuta taasisi itakayokuhifadhia. Bila hiyo, kazi yote inayofuata inasimama juu ya mchanga.

## Hatua kwa hatua

1. Hakikisha una straini moja tu. Chora kwenye agari ya MRS, otesha saa 48 kwa nyuzi 30 bila oksijeni, chukua koloni (kidoti cha bakteria) moja iliyojitenga, uchore tena. Rudia mara tatu. Angalia kwa rangi ya Gram: unategemea vijiti vya zambarau. Weka tone la peroksidi kwenye koloni: bakteria wa asidi ya laktiki hatoi mapovu. Tumia kitanzi cha plastiki au kijiti cha mbao, maana vitanzi vya waya vya aina fulani hutoa mapovu vyenyewe. Usichukue koloni kutoka agari ya damu kwa kipimo hiki, kwa kuwa chembe za damu nazo hutoa mapovu.

Gandisha vichupa visivyopungua kumi siku hiyo hiyo kwenye gliseroli ya asilimia 20, na uvigawe sehemu mbili tofauti. Kila kipimo kianzie kwenye kimoja cha vichupa hivyo. Kosa la kawaida ni kuhamisha bakteria kutoka sahani hadi sahani miezi sita mfululizo, halafu kupima mwisho wa mnyororo. Plasmidi, vipande vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, hupotea njiani, na unachokipima siyo tena ulichokigandisha.

2. Mpe jina sahihi. Usiishie kwenye jeni ya 16S, ile inayotumika kwa kawaida kutambua bakteria. Jeni hiyo haiwezi kuwatenganisha *L. plantarum*, *L. pentosus* na *L. paraplantarum*. Ukiwa huna jenomu bado, jeni ya *recA* inawatenganisha hao watatu, lakini kwa faili la usalama soma jenomu nzima. Dai mambo matatu kwa maabara inayosoma: kila sehemu isomwe kwa wastani wa mara 30 au zaidi; urefu wa jumla usitofautiane na wa kawaida wa spishi kwa zaidi ya asilimia 20 (kwa *L. plantarum* kawaida ni herufi kama milioni 3.3), na ufanano na straini mama, unaoitwa ANI, uwe asilimia 95 au zaidi.

Jihadhari na majina. Mwaka 2020 jenasi ya *Lactobacillus* iligawanywa kuwa jenasi 25. *Lactobacillus plantarum* ndiye huyo huyo *Lactiplantibacillus plantarum*. Ukitafuta habari zake, tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo utakosa miaka mingi ya taarifa, zikiwemo taarifa za madhara.

Kwa nini tunakazania jina? Chukua suusac, maziwa ya ngamia yanayochachushwa kaskazini mwa Kenya na Somalia kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi. Ukiyaangalia kwa hadubini utaona vijiduara vya zambarau vilivyoshikana kama shanga. Vinachachusha maziwa vizuri, na mtu angeapa kwamba ni *Streptococcus thermophilus* wa mtindi. Watafiti walipochunguza mwaka 2012 walikuta bakteria aliyetawala ni *Streptococcus infantarius*, jamaa wa kundi la *S. bovis*, ambalo baadhi ya wanachama wake husababisha maambukizi ya vali za moyo. Tena ana jeni za kusaga sukari ya maziwa zinazofanana na za yule wa mtindi, ndiyo maana anafanya kazi ile ile. Hadubini na sufuria ya maziwa haviwezi kukuambia tofauti hiyo. Hiyo haina maana kwamba mfugaji anayekunywa suusac anakunywa sumu. Maana yake ni kwamba usimtoe bakteria huyo ukamwuza kama mbegu ya mtindi kwa sababu tu anafanana na mwingine.

Togwa nayo ina hamira anayeitwa *Pichia kudriavzevii*. Zamani aliandikwa *Issatchenkia orientalis*, na hospitalini alijulikana kama *Candida krusei*, ambaye kwa asili hasikii flukonazoli, dawa ya fangasi. Basi anayechota "mbegu" ya togwa bila kuitenganisha amemchota na huyo.

3. Tafuta jina hilo kwenye orodha ya QPS. Tangu 2007 EFSA ina orodha ya spishi zinazojulikana vya kutosha kudhaniwa kuwa salama, na huipitia kila miezi sita. Wanaangalia mambo manne: utambulisho, ujuzi uliopo, hatari zinazojulikana, na matumizi. *L. plantarum* yumo. *Lactococcus lactis*, *S. thermophilus*, na *Saccharomyces cerevisiae* wamo pia. *Bacillus subtilis* yumo kwa sharti kwamba straini haitoi sumu. *Enterococcus faecium* hayumo ingawa ametumika sana kwenye malisho. *Bacillus cereus* hayumo, wala kuvu wa nyuzinyuzi kama *Aspergillus*, kwa sababu ya sumu zao.

Watu hukosea hapa kwa namna mbili. Wa kwanza huona jina limo akafunga faili. QPS siyo kibali: inakupunguzia vipimo tu, na sharti moja linabaki kwa kila straini ya bakteria, kwamba isiwe na jeni za usugu wa dawa ilizozipata kutoka kwa bakteria wengine. Wa pili huona jina halimo akatupa straini. Asiyekuwemo bado anaweza kupimwa, ila kwa safari ndefu. Kwa malisho, safari hiyo ni pamoja na kuwalisha wanyama wenyewe kipimo cha angalau mara kumi ya kile kitakachopendekezwa: siku 35 kwa kuku wa nyama, siku 42 kwa watoto wa nguruwe waliokwisha kuachishwa kunyonya.

4. Pima usugu wa dawa. Hatua hii ndiyo inayoangusha faili nyingi. Dawa ni tisa: ampisilini, vankomisini, gentamisini, kanamisini, streptomisini, erithromisini, klindamisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli.

Usitumie vidonge vya karatasi kwenye agari ya Mueller-Hinton kama hospitalini. Bakteria hawa huota vibaya humo, na duara la milimita fulani halilinganishwi na kiwango chochote. Usitumie MRS tupu pia, kwa kuwa ina asidi, na asidi hupunguza makali ya gentamisini, kanamisini na streptomisini: utamwita sugu asiye sugu. Tumia kioevu cha LSM: sehemu 90 za Iso-Sensitest na sehemu 10 za MRS, kwenye pH 6.7. Utaratibu umeandikwa kwenye kiwango cha kimataifa ISO 10932.

a) Pima poda kwa nguvu yake halisi. Ukitaka mililita 10 za miligramu 1,280 kwa lita, unahitaji mikrogramu 12,800 za dawa. Kama cheti kinasema mikrogramu 950 kwa kila miligramu, gawanya: 12,800 ÷ 950 = miligramu 13.5.

b) Tengeneza ngazi za kupunguza nusu kwa nusu, na kila kisima kipate mikrolita 50. Kumbuka utaongeza mikrolita 50 za bakteria, kwa hiyo dawa iandaliwe kwa nguvu mara mbili. Ukisahau, kila jibu litasomeka maradufu ya ukweli, na straini nzuri itaonekana imefeli.

c) Chukua koloni changa, zifikishe kwenye ukungu wa McFarland 1 (kipimo cha wingi wa bakteria kwa ukungu wa kioevu), kisha punguza mara 500 kwenye LSM. Ukishachanganya na dawa, kila kisima kina bakteria kama 300,000 kwa mililita. Hesabu upya kwa kuotesha tone kwenye agari. Usikadirie kwa jicho.

d) Weka kisima chenye bakteria bila dawa, kisima kisicho na bakteria, na safu nzima ya straini ya kulinganishia. Otesha saa 48 bila oksijeni.

e) Soma kiwango kidogo kabisa ambacho kisima chake hakina uoto unaoonekana. Hicho ndicho MIC.

Kwa *L. plantarum*, MIC isizidi, kwa miligramu kwa lita: ampisilini 2, gentamisini 16, kanamisini 64, erithromisini 1, tetrasaiklini 32, kloramfenikoli 8. Vankomisini na streptomisini hazidaiwi kwa spishi hii. Ukipata ngazi moja juu ya kiwango, hiyo inahesabiwa kuwa mtikisiko wa kawaida wa kipimo. Ngazi mbili ni tatizo.

Usishtuke ukiona vankomisini haimgusi kabisa. Ukuta wa bakteria huyu umejengwa kwa asili bila sehemu ambayo dawa hiyo huishika. Usugu huo uko kwenye kromosomu, spishi nzima inao, na haumhamii jirani. Tunachokitafuta ni usugu wa kuhama: jeni inayoweza kutoka kwenye togwa yako, ikaingia kwa bakteria wa ugonjwa ndani ya utumbo wa mtoto, kisha dawa anayopewa zahanati isifanye kazi. Mtoto huyo hawezi kukuuliza ulipima nini. Ndiyo maana hatua hii haifupishwi.

5. Soma jeni za usugu, uzilinganishe na MIC. Pitisha jenomu kwenye hifadhidata mbili, kwa mfano CARD na ResFinder. Orodhesha kila kinachofanana kwa asilimia 80 au zaidi na kufunika asilimia 70 au zaidi ya urefu wa jeni. Kisha linganisha:

- MIC iko chini, jeni haipo: endelea.
- MIC iko juu, jeni haipo: tafuta kama straini nyingine za spishi hiyo ziko hivyo hivyo. Zikiwa hivyo, yaelekea ni asili yake. Iwe peke yake, una maelezo ya kutoa.
- MIC iko juu na jeni ipo, tuseme *tet*(M) ya usugu wa tetrasaiklini au *erm*(B) ya usugu wa erithromisini: simama. Straini hii haiendi kwenye chakula wala malisho.
- MIC iko chini lakini jeni kamili ipo: usiseme imefaulu. Jeni iliyolala inaweza kuamka kwa mwenyeji mwingine.

Angalia pia jeni imekaa wapi. *Limosilactobacillus reuteri* ATCC 55730, aliyekuwa akitumika kwenye bidhaa za watu, alikutwa na plasmidi mbili zenye jeni za usugu *tet*(W) na *lnu*(A). Plasmidi hizo ziliondolewa, na straini iliyozaliwa, DSM 17938, ikachukua nafasi yake. Kwenye malisho mambo yaliishia kwingine: mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulisimamisha vibali vya straini ya *Bacillus toyonensis* iliyokuwa imetumika miaka mingi, sababu kubwa ikiwa usugu wa tetrasaiklini na kloramfenikoli. Miaka ya kutumika haikuiokoa.

6. Tafuta sumu na mazao mabaya. Kinachopimwa kinategemea spishi.

- *Damu.* Otesha kwenye agari ya damu saa 24 hadi 48 kwa nyuzi 37. Duara jeupe lililo wazi kabisa ni onyo la kusimama. Kijani hafifu kuzunguka koloni mara nyingi ni peroksidi ambayo bakteria wa laktiki hujitengenezea. Andika ulichokiona, usikitafsiri kuwa sumu.
- *Amini.* Tafuta jeni za kutengeneza histamini (*hdcA*) na tiramini (*tdc*), kisha thibitisha kwenye bidhaa yenyewe.
- *Asidi ya laktiki ya mkono wa D.* Ipime kama walaji ni watoto wachanga au ndama. Hao huisaga polepole.
- *Bacillus.* Maji yaliyochujwa kutoka kwenye uoto wake yajaribiwe kwenye seli za Vero (seli za figo ya kima zinazooteshwa maabara). Yakiharibu zaidi ya asilimia 20, straini inahesabiwa kuwa na sumu.
- *E. faecium.* MIC ya ampisilini isizidi 2, na alama tatu za kijeni, IS16, *hylEfm* na *esp*, zisiwepo. Hiyo ndiyo namna ya kumtenga na ndugu zake wa hospitalini.

7. Pima bidhaa, siyo bakteria tu. Hesabu bakteria hai kwa kila kundi la uzalishaji, na tafuta wageni: koli, salmonela, hamira, kuvu. Mbegu ya mchanganyiko hupimwa straini moja moja, na mmoja akifeli mchanganyiko wote umefeli. Poda ya bakteria hukaushwa laini na huamsha mzio wa njia ya hewa, kwa hiyo anayepakia avae barakoa ya chujio, si kitambaa. Kama malisho yatashindiliwa kwa mvuke wa nyuzi 80, *L. plantarum* hatafika hai. Watengenezaji huchagua *Bacillus* kwa sababu ya spora zake ngumu zinazostahimili joto, na hapo unarudi hatua ya 6.

8. Funga faili. Weka straini kwenye benki ya bakteria inayotambulika kimataifa, kama DSMZ ya Ujerumani, upate namba. Faili liwe na namba hiyo, jenomu, matokeo ghafi ya MIC (pamoja na ya straini ya kulinganishia), na majibu yako ya maswali matatu ya mwanzo. Kisha wasiliana na shirika la viwango la nchi yako, TBS (Tanzania), KEBS (Kenya) au UNBS (Uganda), kabla ya kuchapa lebo.

## Mambo yakienda kombo

Kisima kisicho na dawa hakikuota. Mara nyingi LSM ilikosewa uwiano, au mtungi ulivuja oksijeni. Matokeo ya sahani hiyo yote yatupwe, hata yanayopendeza.

Straini ya kulinganishia imetoka nje ya mipaka yake. Anza na poda na hesabu ya nguvu. Kisha angalia pH ya LSM baada ya kuchemshwa, siyo kabla.

MIC inabadilika kila siku ya kupima. Hesabu bakteria walioingia. Wakiwa mara kumi zaidi, MIC hupanda. Kama wako sawa, rudi kwenye agari utazame maumbo ya koloni. Huenda una straini mbili.

Jenomu imekuwa na herufi milioni 5 badala ya 3.3. Hiyo ni bakteria wawili waliosomwa pamoja. Usimwombe mchambuzi "asafishe" data. Rudi hatua ya 1, uchore upya kutoka kwenye kichupa, utume tena.

ANI ni 93. Huyo siyo spishi uliyodhani. Linganisha na straini mama za spishi jirani. Mpaka apate jina, viwango vya hatua ya 4 havimhusu, maana kila kundi lina safu yake.

Jeni ya usugu imefanana kwa asilimia 60 tu. Iko chini ya mstari wa kuripoti. Kama MIC ya dawa hiyo nayo iko juu, usiipuuze: toa mfuatano huo, uulinganishe kwa protini, na uandike ulichokiona kwenye faili.

Straini imefeli kwa *tet*(M), na ndiyo uliyokuwa nayo peke yake. Rudi kwenye chungu kile kile cha togwa, chukua koloni nyingine ishirini, na uzipitishe kwanza kwenye agari yenye tetrasaiklini miligramu 32 kwa lita. Zinazoota ziache. Zisizoota zianzishe upya kuanzia hatua ya 1.